Uzi Huu ni wa Aina Gani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyuzi za Misuli

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa labo: wanafunzi wa Bukavu, mafundi wa Goma, madaktari wa mifugo wa Lubumbashi. Kila mmoja ana shida yake, lakini zote zinazunguka jambo moja: namna ya kujua uzi wa msuli ulio chini ya mikroskopi ni wa aina ya I, ule wa polepole, au wa aina ya II, ule wa haraka. Swali lililokuwa na mengi ndani yake hatukulibana.

SWALI (mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Bukavu): Jambo kwenu wakubwa. Tulipewa vipande vya msuli wa paja vilivyokaa katika formalini kisha vikawekwa ndani ya parafini. Nimevitia hematoksilini na eosini, viini vinaonekana vizuri, mipaka ya nyuzi pia, lakini sioni tofauti yoyote kati ya nyuzi za polepole na za haraka. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea. Unaidai rangi hiyo kitu isichokuwa nacho. Hematoksilini hushika viini, eosini hushika protini kwa jumla, na kwa eosini miosini (protini inayoukunja msuli) ya polepole na ya haraka ni mamoja. Tofauti ya kweli iko katika mnyororo mzito wa miosini. Kwa binadamu, uzi wa aina ya I hubeba ule unaotokana na jeni MYH7; ndani ya aina ya II, uzi wa IIA hubeba ule wa MYH2, na wa IIX ule wa MYH1.

Njia za kuiona tofauti hiyo ni tatu. Ya kwanza ni kupima kazi ya ATPezi ya miosini, kimeng'enya kinachovunja ATP (nishati ya seli), baada ya kukitesa kwa asidi au kwa alkali. Ya pili ni kuonyesha wingi wa mitokondria, vinu vya nishati vya uzi, kwa rangi za vimeng'enya ziitwazo SDH na NADH. Ya tatu ni kingamwili zinazoitambua miosini yenyewe. Mbili za kwanza zinahitaji vimeng'enya vilivyo hai. Formalini huviua, na joto la parafini, karibu nyuzi 60 za sentigredi, humaliza vilivyobaki. Kwa hiyo kwenye kizuizi chako cha parafini, yaani kibonge kilichoushika msuli, umebakiwa na kingamwili tu.

Siku nyingine, kabla hujafungua chupa ya rangi, uliza msuli umehifadhiwaje. Kama unafika ukiwa mbichi, ukate vipande viwili hapo hapo: kimoja kigandishwe, kingine kiende formalini. Kilichokwisha kuingia formalini hakirudi nyuma.

SWALI (fundi wa labo, Goma): Tunagandisha msuli kwa nitrojeni ya kimiminika. Tukiukata kwa kriostati, mashine ya kukata tishu iliyogandishwa, nyuzi zimejaa matundu matundu hadi ATPezi haisomeki. Pia isopenteni yetu, kimiminika cha kupozea, inapungua chupani hata bila kutumiwa. Tufanye nini?

JIBU: Mama, matundu hayo ni alama za fuwele za barafu. Maji ya ndani ya uzi yakiganda polepole, fuwele hupata muda wa kukua na kuchana kila kitu. Yakiganda kwa kasi, hayapati nafasi hiyo. Watu wengi hudhani kuutumbukiza msuli moja kwa moja ndani ya nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri ndiyo kasi kubwa kuliko zote. Sivyo. Nitrojeni huchemka papo hapo inapogusa msuli wenye joto, na gesi inayotoka huuzunguka msuli kama blanketi. Ndiyo maana huwekwa isopenteni katikati: inapoza sana bila kuchemka.

Fanya hivi. Mimina isopenteni kiasi cha mililita 80 hadi 100 ndani ya kikombe cha chuma cha pua chenye mpini mrefu. Kishushe ndani ya nitrojeni huku ukikoroga. Isopenteni huganda karibu na nyuzi 160 chini ya sifuri. Ukiona utando mweupe au vijipande vyeupe vikianza chini ya kikombe, umefika. Ikiganda yote, kinyanyue kidogo ilegee. Usigandishe kabla ya weupe huo kuonekana, hata kama mtu anakuharakisha.

Kipande kisizidi nusu sentimita kwa upana na sentimita moja kwa urefu. Kisimamishe juu ya kizibo cha koki kama kile cha chupa, nyuzi zikielekea juu, ili kisu kizikate kwa upana wake. Shika mguu wake kwa gundi ya tragakanthi au ya kugandishia, milimita mbili tatu tu. Ukikifunika chote kwa gundi umekivalisha koti, na kitaganda polepole. Kitumbukize kwa nguvu ukikichezesha, sekunde 10 hadi 15, kisha kihamishie juu ya barafu kavu au moja kwa moja kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ndani ya mfuko uliozibwa.

Sababu ya pili ya matundu ni maji ya nje. Msuli ulioletwa ukielea ndani ya maji ya chumvi umeyanywa. Mwambie anayechukua biopsi aufunge kwa gozi iliyolowanishwa kwa maji ya chumvi kisha ikakamuliwa kabisa, auweke ndani ya kichupa kikavu, na kichupa kikae juu ya barafu bila msuli kuigusa. Muda wa saa moja au mbili haudhuru. Kabla ya kugandisha, gusisha msuli kwenye karatasi ya kunyonyea.

Mahali matundu yalipo panakueleza kosa. Yakiwa katikati ya kipande huku pembeni ni pazuri, kipande kilikuwa kinene au isopenteni haikuwa baridi ya kutosha. Yakiwa pembeni, msuli ulikuwa umelowa. Yakitokea kwenye kizuizi kilichokuwa kizuri mwezi uliopita, shaka friza: umeme umekatika, barafu imelegea ikaganda upya. Friza ya nyumbani inayojiyeyusha yenyewe ina tabia hiyo hiyo hata umeme ukiwepo. Kwa kizuizi kilichoharibika na kisicho na mbadala, kuna dawa ya mwisho: kiache kiyeyuke kwenye joto la chumba hadi king'ae, kikaushe, kigandishe upya kwa isopenteni iliyo tayari kweli. Mara nyingi sura hurudi kiasi cha kusomeka.

Kuhusu chupa inayopungua, hapo mwinuko wenu ndio unaowachezea. Pwani, isopenteni huchemka kwenye nyuzi 28. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni dogo, na inachemka kwenye nyuzi 23 hivi. Maana yake ni kwamba mchana wa kawaida inachemka mezani, na mvuke wake hushika moto kwa urahisi. Itunzeni kwenye jokofu lisilo na cheche ndani, fungueni chupa ikiwa bado baridi, na moto wa aina yoyote usiwe chumba hicho.

Kuhusu nitrojeni na barafu kavu, wasomaji wa Goma hawahitaji somo refu, kwa kuwa mazuku wanayajua: gesi isiyo na rangi inayolala mabondeni na kumwangusha mtu bila kumwonya. Lita moja ya nitrojeni ya kimiminika hutoa takriban lita 700 za gesi, na barafu kavu hutoa hewa ya ukaa ile ile ya mazuku. Kwa hiyo madirisha yawe wazi, pipa lisifungwe kwa kifuniko kinachobana, na lisisafirishwe ndani ya gari lililofungwa vioo.

SWALI (daktari wa mifugo, Lubumbashi): Mwezi wa sita nilifanya ATPezi ya pH 4.6 kwenye misuli ya mbuzi nikapata vivuli vitatu safi. Mwezi wa kumi nimerudia kwa bafa (miyeyuko inayoshikilia pH) zile zile, na sasa ni nyuzi chache tu zilizo nyeusi, zilizobaki zote hafifu. Je, bafa imeharibika? Naomba pia mniandikie hatua zote, kwa sababu karatasi niliyorithi labo imefutika nusu.

JIBU: Daktari, anza na kipimajoto cha chumba. Mwezi wa sita asubuhi ya Lubumbashi ni ya baridi. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, chumba kisicho na kipoza hewa hufika nyuzi 30 na zaidi. Asidi huua ATPezi haraka zaidi kwenye joto. Bafa yako ya 4.6 katika chumba cha moto inafanya kazi ya bafa ya 4.3: nyuzi za aina ya I, zinazovumilia asidi, zinabaki nyeusi, na za aina ya II zote zinazimika. Picha unayoielezea ndiyo hiyo hasa. Weka chupa ya bafa na mtungi wa slaidi ndani ya beseni la maji yaliyotulia kwenye nyuzi 21 au 22, na uhesabu dakika kwa saa ya kusimamisha, si kwa kukadiria.

Bafa nayo ipime upya, lakini kwa mita iliyosawazishwa siku hiyo hiyo kwa pH 4 na 7, na kwa 7 na 10 unapoelekea upande wa alkali. Tofauti ya 0.05 inatosha kubadilisha kivuli cha nyuzi za kati. Karatasi za kupimia pH hazifai kazi hii kabisa.

Hatua ni hizi. Kata vipande vya mikromita 10 kwa kriostati iliyo kati ya nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri, na uviache vikauke hewani nusu saa bila kuvitia dawa yoyote ya kuhifadhi. Andaa seti tatu zinazofuatana kutoka kizuizi kimoja. Ya kwanza iingie bafa ya aseteti ya 0.1 M yenye pH 4.3, ya pili iingie ya 4.6, zote dakika 5. Ya tatu isipite kwenye asidi; hiyo itakwenda moja kwa moja kwenye alkali.

Sasa mchanganyiko wa kazi, kwa mililita 100: 2-amino-2-methili-1-propanoli ya 0.1 M, kalsiamu kloridi ya milimola 18 kwa lita, potasiamu kloridi ya milimola 50 kwa lita, na ATP yenye sodiamu mbili miligramu 150. ATP itie mwisho kabisa, na baada ya kuitia pima pH tena, kwa sababu ATP yenyewe ni asidi na huishusha. Irudishe hadi 9.4. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko lolote: mtu amesawazisha bafa asubuhi, ametia ATP mchana, hakupima tena, kisha analalamika kwamba slaidi zote zimetoka hafifu.

Zilizopita kwenye asidi zisuuze kwanza kwa bafa ya alkali isiyo na ATP, ili asidi isibebwe. Kisha slaidi zote ziingie mchanganyiko wa kazi, nyuzi 37, dakika 30. Za asidi zinaweza kuhitaji 45. Zisuuze kwa kalsiamu kloridi ya asilimia 1, mara tatu, dakika 3 kila mara. Halafu kobalti kloridi ya asilimia 2, dakika 3. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, tena na tena. Mwisho amonia sulfidi ya asilimia 1, sekunde 20 hadi 30, chini ya kifyonza moshi, maana harufu yake ni ya mayai yaliyooza na gesi yake ni sumu. Suuza, pitisha kwenye alkoholi na zaileni, funika.

Kemia yake ni fupi, na ukiielewa utajua kosa liko hatua gani. Kimeng'enya kinavunja ATP na kuachia fosfeti. Kalsiamu inaishika fosfeti mahali pale pale. Kobalti inachukua nafasi ya kalsiamu, na sulfidi inaigeuza kuwa kobalti sulfidi nyeusi. Uchafu mweusi uliotapakaa hata kati ya nyuzi ni kobalti isiyosuuzwa. Slaidi zote kuwa hafifu, hata ile ya 9.4, ni ATP iliyokufa au pH iliyoshuka. Zote kuwa nyeusi kwenye 4.6 ni asidi isiyotosha, au muda mfupi.

Usomaji kwa misuli ya binadamu ni huu. Kwenye 9.4 nyuzi za aina ya II ni nyeusi na za I ni hafifu. Kwenye 4.3 mambo yanageuka: I nyeusi, II hafifu. Kwenye 4.6 unapata vivuli vitatu: I nyeusi, IIA hafifu kabisa, na IIX za kati. Uzi unaobaki na rangi kwenye 4.3 na pia kwenye 9.4 ni mchanganyiko wa miosini mbili, ile ambayo vitabu huiita IIC. Uzi mmoja lazima ufuatwe kwenye slaidi zote tatu, ndiyo maana tunasisitiza vipande vinavyofuatana.

Lakini wewe unafanya mbuzi. Namba hizi za asidi haziwafungi wanyama wote. Kila spishi ina kizingiti chake, kwa hiyo fanya ngazi yako mara moja: 4.3, 4.4, 4.5, 4.6, 4.7, kwa kizuizi kimoja, kwa joto moja, kisha andika ukutani ile inayotenganisha vizuri. Kila siku ya kazi pitisha pamoja na sampuli slaidi ya kizuizi unachokifahamu. Msuli wa kutafunia wa ng'ombe, ule mkubwa wa shavuni, karibu wote ni aina ya I na hupatikana machinjioni kwa urahisi. Ukitoka na vivuli viwili sawia, jua tatizo ni lako.

SWALI (mwanafunzi, Lubumbashi): Kitabu nilichonacho kinasema binadamu ana nyuzi za IIB. Assistant wetu anasema ni IIX. Nimwamini nani kwenye mtihani?

JIBU: Mwamini assistant. Jina IIB lilitoka kwenye ATPezi, kwa uainishaji wa Brooke na Kaiser uliochapishwa mwaka 1970, wakati miosini zenyewe zilikuwa hazijatofautishwa. Baadaye ikaonekana kwamba nyuzi hizo za binadamu hubeba miosini ya IIX. Miosini halisi ya IIB ipo kwa panya, na kwa wanyama wengine kama nguruwe. Binadamu ana jeni yake, MYH4, ila katika misuli ya mikono na miguu haitumiki. Kitabu chako si cha kutupa. Kila kinapoandika IIB ya binadamu, wewe soma IIX.

SWALI (daktari wa mifugo, Lubumbashi): Nimekata msuli wa nguruwe mwenye afya. Nyuzi za aina ya I zimejikusanya mafungu mafungu, kama ilivyo katika ugonjwa wa neva. Mnyama alikuwa anatembea vizuri. Je, niandike kwamba neva zake ziliharibika?

JIBU: Usiandike. Kwa nguruwe huo ndio mpangilio wa kawaida: nyuzi za aina ya I hukaa kisiwani katikati ya fungu, zimezungukwa na IIA, kisha za haraka zaidi kwa nje. Kwa binadamu nyuzi huchanganyika, na mkusanyiko wa aina moja, hasa uzi uliozungukwa pande zote na wa aina yake, hukufanya ufikirie neva iliyokufa na jirani yake kuchukua nyuzi zake. Aliyejifunzia kwa sampuli za watu akihamia kwa nguruwe hujikwaa hapa, na ripoti yake hueleza ugonjwa usiokuwepo.

SWALI (fundi wa labo, Goma): Tuna kingamwili mbili za parafini, moja ya miosini ya polepole na moja ya haraka. Ya polepole inatoka hafifu sana. Ajabu ni kwamba kwenye slaidi ya kuhakiki, ambayo hatukuweka kingamwili ya kwanza, bado nyuzi kadhaa zinageuka kahawia, tena zile zile ambazo tungetarajia ziwe za aina ya I.

JIBU: Una makosa mawili tofauti, na la pili ni la hatari zaidi kwa kuwa linafanana na jibu sahihi.

Uhafifu kwanza. Vipande vya parafini vinahitaji kuchemshwa ili formalini iachilie protini ilizozifunga. Maji ya Goma na Bukavu huchemka karibu na nyuzi 95, si 100, kwa hiyo maelekezo ya "chemsha dakika 20" yaliyoandikwa kwa watu wa pwani hayakutoshi. Tumia sufuria ya presha: bafa ya Tris milimola 10 na EDTA milimola 1, pH 9, dakika 3 tangu presha kamili, kisha zima na acha ipoe dakika 20 kabla ya kufungua. Bila sufuria ya presha, ongeza muda hadi dakika 40 kwenye nyuzi 95. Msuli hubanduka haraka kwenye slaidi, basi tumia slaidi zilizotiwa chaji, vipande vya mikromita 3 au 4, vilivyokauka usiku kucha kwenye nyuzi 37. Na uulize formalini ilichukua siku ngapi. Siku moja au mbili ni sawa. Msuli uliosahaulika wiki tatu hautasamehe.

Sasa ile kahawia isiyo na kingamwili. Bila shaka mnatumia mfumo wa avidini na biotini, ambamo avidini hunasa biotini iliyofungwa kwenye kingamwili. Mitokondria zina biotini yao wenyewe, na kuchemsha huiweka wazi zaidi. Nyuzi za aina ya I za binadamu ndizo zenye mitokondria nyingi, kwa hiyo avidini inazishika hizo hizo bila kingamwili yoyote. Mtu asiye na slaidi ya kuhakiki angeandika "aina ya I, asilimia 50" na kwenda nyumbani ameridhika. Hamieni kwenye mfumo wa polima usio na biotini. Kama hamwezi, zibeni kwanza: avidini dakika 15, suuza, biotini dakika 15, suuza, ndipo kingamwili. Peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 kwa dakika 10 mnaifanya, tunatumaini, lakini hiyo huzima kimeng'enya cha peroksidezi tu, haigusi biotini.

Mkishasafisha hayo, kingamwili mbili lazima zikamilishane: uzi unaokataa ya polepole ukubali ya haraka kwenye kipande kinachofuata. Nyuzi chache zinazokubali zote mbili zinaweza kuwa mchanganyiko au zinazozaliwa upya. Zikiwa karibu zote, kingamwili ni nzito mno; ipunguzeni kwa bafa. Na kumbukeni kwamba kingamwili ya haraka ya aina hii haitenganishi IIA na IIX.

SWALI (mtafiti kijana, Bukavu): Kwenye misuli ya panya wadogo wa labo nimefanya NADH. Nyuzi nyeusi kabisa nimezihesabu kama aina ya I. Mkaguzi wangu amezikataa zote. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu NADH na SDH hazikuonyeshi miosini. NADH inaonyesha mitokondria na vifuko vya ndani ya uzi. SDH inaonyesha mitokondria peke yake. Kwa binadamu asiye mgonjwa mara nyingi giza huenda pamoja na aina ya I, na hapo ndipo mazoea yanapozaliwa. Kwa panya wadogo, nyuzi za IIA ni za giza kushinda hata za I. Hata kwa binadamu, mazoezi ya muda mrefu huongeza mitokondria ndani ya IIA bila kuibadilisha miosini. Andika "zenye mitokondria nyingi" na utakuwa umesema kweli.

Ukitaka aina kwa panya, tumia vipande vilivyogandishwa visivyotiwa dawa ya kuhifadhi, na kingamwili zinazojulikana: BA-D5 kwa aina ya I, SC-71 kwa IIA, BF-F3 kwa IIB. Uzi usioshikwa na hata moja huhesabiwa IIX, au uthibitishe kwa 6H1, kingamwili ya IIX. Kwa daraja la kingamwili, BA-D5 ni IgG2b, SC-71 ni IgG1, BF-F3 ni IgM, kwa hiyo zote tatu zinaweza kukaa slaidi moja zikitofautishwa na kingamwili za pili za rangi tofauti. 6H1 nayo ni IgM, kwa hiyo usiichanganye na BF-F3. Ipe kipande chake. Zote zimetengenezwa kwa panya, na tishu yako ni ya panya: kingamwili ya pili itashika pia damu na majimaji kati ya nyuzi. Chagua ya pili inayolenga daraja moja tu, na uzibe kwanza.

SWALI (mwalimu, Bukavu): Nina kriostati lakini sina nitrojeni, na wanafunzi wanataka kuona tofauti kwa macho yao. Pia tuwafundishe kuhesabu nyuzi ngapi?

JIBU: Mwalimu, nenda kwa wavuvi. Tilapia ana utepe mwekundu ubavuni, chini tu ya ngozi kwenye mstari wa pembeni, na nyama nyeupe chini yake. Chukua kipande kinachobeba vyote viwili, pamoja na ngozi, kutoka samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ukipata barafu kavu, ipondeponde ndani ya isopenteni hadi iache kuchemka; utafika nyuzi 78 chini ya sifuri. Matundu yatakuwepo, ila kwa somo hili yanavumilika, kwa kuwa tofauti ya nyekundu na nyeupe ni kubwa mno.

Fanya SDH. Kwa mililita 10 za bafa ya fosfeti ya 0.1 M, pH 7.6, weka sodiamu suksineti yenye maji sita gramu 0.27 na nitro bluu tetrazoli miligramu 10. Vipande vya mikromita 10, nyuzi 37, dakika 30 hadi 60, ukichungulia. Slaidi moja iende bila suksineti. Hiyo isipate rangi. Funika kwa jeli ya gliserini. Ukipitisha kwenye alkoholi, sehemu ya rangi huhama na kukaa kwenye mafuta. ATPezi ya samaki usiiguse kwa namba za mamalia tulizotoa juu. Miosini zake huvunjika kwa vizingiti vingine.

Kuhesabu: nyuzi 200 ndicho kiwango cha chini kwa sampuli ya binadamu, kutoka mafungu kadhaa, si fungu moja zuri. Katika msuli wa nje wa paja wa mtu mzima, karibu nusu ni aina ya I. Aina ya I ikivuka asilimia 55, au aina ya II ikivuka 80, ndipo neno "imetawala" linaandikwa, na hata hapo ni baada ya kujua ni msuli gani. Soleasi, msuli wa kigimbi cha mguu, imejaa aina ya I kwa kawaida yake. Upana upimwe kwa kipenyo kilicho kifupi zaidi, kwa sababu uzi uliokatwa mshazari hurefuka upande mmoja tu. Kwa mwanaume mzima tarajia mikromita 40 hadi 80, kwa mwanamke 30 hadi 70. Nyuzi za ukingoni mwa kipande zilizopondwa na koleo ziachwe, na pia eneo linaloungana na kano: pale nyuzi hupasuka na viini huingia katikati hata kwa mtu asiyeumwa chochote.